Salio la M-Pesa halipotei, chanjo za mtoto zinapotea

Ukipoteza simu leo, unarudisha laini na salio lako la M-Pesa liko palepale. Sasa jaribu kupoteza kijitabu cha kliniki cha mtoto.

Sisi kilitupotea Aprili 2024, yale mafuriko ya Mathare. Maji yaliingia usiku, tukabeba watoto na jiko, kijitabu kikabaki. Dadangu akahamia kwa shangazi Kitengela, na mtoto akapelekwa kliniki ya huko. Nesi akauliza, "Mama, huyu amefikia wapi?" Za wiki 6 alipata. Za wiki 10 pia. Za wiki 14... dadangu akanyamaza. Nesi akaangalia mkono wa kushoto, akaona kovu la BCG. Lakini penta, nimonia, rota, matone ya polio, hizo huwezi kuzisoma kwa ngozi ya mtoto. Akamdunga tena za wiki 14.

Wiki mbili baadaye nikaenda kliniki ya zamani kuuliza. Jina lake liko kwa rejista kubwa, limeandikwa na biro. Za wiki 14 alikuwa ameshapewa! Sawa, kurudia dozi kwa kawaida hakudhuru mtoto. Lakini alilia bure, na mzazi mwingine akiulizwa hivyo mbele ya foleni anaona aibu, harudi tena.

Kwa hivyo mimi niko upande wa rekodi moja ambayo kliniki yoyote inaweza kufungua, iwe ya kaunti, ya kanisa ama ya mtu binafsi. Hasa kwa sababu ya surua. Dozi ya kwanza ni miezi 9, ya pili miezi 18, na hapo katikati mathe amerudi kazini, mtoto anakimbia, nani anakumbuka? SMS moja tu ya kumkumbusha, bana.

Kuna wenye wataniambia serikali isijue mambo ya watoto wetu. Nawaelewa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, basi tuulizwe kwanza, kwa lugha tunaelewa. Na stima ikipotea, nesi asirudishe mtu nyumbani ati mtandao hakuna. Adunge, aandike kwa karatasi, aingize baadaye.

Kijitabu kipya nimekipiga picha kila ukurasa, nikamtumia dadangu kwa WhatsApp. Hiyo ndiyo sistimu yetu kwa sasa. Na simu yake ina ufa.