“Mwachie Mungu” Peke Yake Haitoshi

Ipo kauli moja ambayo sisi Wakristo wa kisiwa hiki cha Mombasa tumeizoea mno, hata ulimi huitamka pasipo moyo kushirikishwa: “Mwachie Mungu, atakuongoza.” Kauli yenyewe ni ya kweli, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwa namna tunavyoitumia, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi ninayeandika makala haya.

Mwaka 2019, shehena za kwenda bara zilipohamishiwa kwenye reli mpya, malori mengi yaliegeshwa na madereva wake wakabaki mikono mitupu. Mmoja wao, ndugu ninayesali naye, alinifuata Jumapili moja baada ya ibada, tukasimama kivulini karibu na Ngome ya Yesu. “Mzee,” akaniuliza, “Mungu ananiongoza wapi?” Nikamjibu kwa kauli ile ile, nikamgusa bega, nikaenda zangu kula chakula cha mchana. Baada ya majuma machache nikapata habari kwamba ametoa akiba yake yote kwa mtu aliyedai kuisikia sauti ya Mungu kwa niaba yake, ikimwahidi kazi Uarabuni. Kazi haikuwapo, na fedha hazikurudi. Mimi sikuketi naye, basi akamwendea aliyekubali kuketi naye.

Tusidhani hili ni jambo dogo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwamo, katika mkasa uliotokana na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili kumwona Yesu. Waliokwenda kule kwa hiari yao walikuwa na kiu ya kuongozwa. Wengi walitoka katika majumba na makanisa yenye jirani na ndugu. Nani kati yetu aliketi nao kabla hawajauza mali zao na kushika njia ya msituni?

Ukisimama Mji wa Kale, kwenye Bandari ya Kale, na kutazama ng’ambo ya maji upande wa Nyali, unatazama mahali lilipo kaburi la Rosine, mkewe Johann Ludwig Krapf. Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS, hakupanga kuja kwetu. Alitaka kuwahubiria Waoromo, na njia ya Uhabeshi ilipofungwa akaamua kuwafikia kwa kupitia pwani. Alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe alifariki kwa homa, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa hajiwezi, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga akafuata. Hebu msomaji ajiulize: mtu angemwendea Krapf siku ile na kumwambia “Mwachie Mungu” kisha aondoke, angekuwa amemsaidia nini?

Lakini hakuachwa peke yake. Alikuwa na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar iliyomtambulisha kwa wenyeji. Kadhi mmoja wa Mombasa, Mwislamu, alikuwa amekwisha kumsaidia katika kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 alijiwa na mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanza kazi pamoja huko Rabai. Hadi Krapf anaondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, hakuwa ameanzisha misheni kwa Waoromo. Badala yake aliacha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Uongozi wa Mungu katika maisha yake twauona sisi tunaotazama nyuma. Yeye mwenyewe alikuwa na kaburi jipya, kalamu, na watu wachache waliokubali kukaa karibu naye.

Atasema msomaji: je, huko si kumtegemea mwanadamu badala ya Mungu? La hasha. Eliya alipokata tamaa chini ya mretemu na kuomba afe, malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Sauti ile ya utulivu ilikuja baadaye, huko Horebu, nabii akiwa amekwisha kupata nguvu za kwenda.

Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu mambo matatu. Kwanza, mtu anapouliza Mungu anamwongoza wapi, tumsikilize hadi amalize. Pili, asiwepo miongoni mwetu anayethubutu kunena kwa jina la Mungu juu ya fedha, ndoa au safari ya mwenziwe. Na anayenena hivyo tumhoji mbele ya kanisa, hata kama ana sauti nzuri. Tatu, tutafute pamoja naye hatua moja tu, ile ya kesho asubuhi, nasi tuipige pamoja naye.

Yule ndugu nilimwendea, nikamwomba radhi. Tuliketi barazani jioni nyingi, tukasali, tukahesabu madeni yake. Hatimaye jirani yangu wa Kibokoni, mswalihina, alimpokea katika karakana yake ya useremala. Ujira si mkubwa, wala madeni hayajaisha. Juzi nilimuuliza kama sasa anajua Mungu anampeleka wapi. Akatikisa kichwa. “Sijui bado, mzee,” akasema, “lakini siogopi tena kutojua.”

Siku ile karibu na Ngome, jibu hilo lingeweza kuanza kuota, lau ningekubali chakula changu kipoe.