Gari linalombeba mwanao lina taarifa zake, zidai

Mzazi anayetafuta gari la kwanza la familia huuliza maswali mazuri. Linakula mafuta kiasi gani? Limetembea kilomita ngapi? Spea zake zipo Kariakoo au mpaka uagize? AC inapoza? Akiridhika anajadili bei, analipa, na jioni ya siku hiyo hiyo watoto wameshapanda kiti cha nyuma wanagombania dirisha. Katika maswali yote hayo halimo hili: gari likigonga kitu, nini kinampata mtoto aliyekaa nyuma?

Umezoea kusoma hapa habari za homa, chanjo, lishe na shinikizo la damu. Leo nazungumzia magari, na sidhani kama nimetoka nje ya mada. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba, kwa hesabu ya dunia nzima, ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mtoto uliyemkinga na surua na pepopunda, uliyempeleka kupimwa uzito mwezi kwa mwezi, anafika umri wa kwenda shule na kukutana na hatari ambayo kadi ya kliniki haina hata mstari wake.

Ukinunua dawa, ndani ya boksi unakuta karatasi inayoeleza ilivyo, madhara yake na nani hapaswi kuitumia. Mtengenezaji hakuiweka kwa huruma yake. Kuna mamlaka iliyomwambia kwamba bila karatasi hiyo dawa haiuzwi. Gari, ambalo linaweza kuua familia nzima kwa dakika moja, tunalinunua bila karatasi ya namna hiyo.

Nchi iliyokwenda mbali katika jambo hili ni Marekani, na haikufika huko kwa hiari ya viwanda. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu kilichowashutumu watengenezaji wa magari kwa kuuza muundo na mwonekano huku wakiuacha usalama. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya usalama wa magari. Mwaka 1972 ikaja sheria nyingine, ambayo mimi naiona muhimu zaidi kwa mzazi: iliitaka serikali ikusanye taarifa za usalama wa kila aina ya gari na kumpa mnunuzi kwa namna anayoweza kulinganisha.

Kazi hiyo inafanywa na mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA. Kila mwaka huwaandikia watengenezaji na kuwataka waeleze, aina kwa aina, gari lina vifaa gani vya kinga. Mifuko ya hewa, ile ambayo mafundi wetu huiita eabegi, iko mingapi na iko upande gani? Kamera ya nyuma ipo? Breki zinazojikamata zenyewe gari linapokaribia kugonga zipo? Na je, kifaa hicho kimo katika kila gari la aina hiyo, au anakipata anayeongeza pesa?

Swali hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Gari la jina moja, umbo moja na rangi moja linaweza kuwa na mifuko sita ya hewa likiuzwa mahali pamoja, na likawa na miwili au lisiwe nayo kabisa likiuzwa pengine. Kwa macho hulitambui. Mwaka 2017 taasisi ya Global NCAP ya Uingereza, ikishirikiana na chama cha wenye magari cha Afrika Kusini, ilianza kuyagongesha magari mapya yanayouzwa nchini humo ili kuona yanamlindaje abiria. Chery QQ3 lilipata nyota sifuri, Datsun Go+ likapata nyota moja. Mwaka 2018 pikapu ya Nissan NP300 Hardbody nayo ikapata sifuri. Yote yalikuwa magari mapya yenye harufu ya dukani, na aliyeyanunua asingejua lolote kama mtu wa nje asingeingia kupima.

Serikali ya Marekani nayo haitegemei majibu ya viwanda peke yake. Hununua magari madukani kama mteja wa kawaida, kisha huyagongesha ukutani kwa mwendo wa kilomita 56 kwa saa, ndani yake wakiwa wamekaa midoli yenye vipimo vya kichwa, kifua na miguu. Majaribio hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu miaka ya 1990 matokeo hutolewa kwa nyota, moja hadi tano. Tangu mwaka 2007 nyota hizo hubandikwa kwenye dirisha la gari jipya, karibu na bei. Mama anayejua kusoma bei anajua kusoma nyota.

Usizichukulie nyota hizo kama hirizi, hata hivyo. Siku hizi magari mengi mapya huko hupata nne au tano, kwa hiyo zinatofautisha kidogo kuliko zamani. Tena matokeo ya kugonga kwa mbele hulinganishwa kati ya magari yenye uzito unaokaribiana. Gari dogo la nyota tano likikutana uso kwa uso na gari kubwa la nyota tano, dogo ndilo litakaloumia. Na kwa lori la mizigo nyota hazisaidii kitu, kama ajuavyo kila aliyesafiri usiku barabara ya Morogoro.

Kukusanya taarifa kabla ya kuuza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzidai baada ya gari kuingia barabarani, na hapo Wamarekani walifundishwa kwa vifo. Mwaka 2000 iligundulika kuwa matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye magari mengi ya Ford Explorer yalikuwa yakichanika gamba katika mwendo kasi na gari kupinduka. Mamlaka ilikuja kuhesabu vifo 271. Kilichowakasirisha wabunge ni kwamba kampuni ilikuwa imeshaanza kubadilisha matairi hayo katika nchi za joto, Saudi Arabia na jirani zake wa Ghuba, kabla ya hapo, na serikali ya Marekani haikuambiwa. Sheria ikatungwa mwaka huo huo. Tangu hapo mtengenezaji lazima atoe taarifa za mara kwa mara za madai ya vifo na majeruhi yanayohusishwa na magari yake, na akiita magari yarekebishwe katika nchi nyingine yoyote, Marekani nayo iambiwe ndani ya siku chache.

Angalia mpangilio wa jambo lenyewe. Walioumia kwanza ni watu wa nchi za joto. Walioandikiwa sheria ni wengine.

Kisa kinachotugusa sisi zaidi ni cha mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyowauzia karibu watengenezaji wote wakubwa: Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na wengineo. Ndani ya usukani kuna mtungi mdogo wa chuma wenye kemikali inayolipuka na kuujaza mfuko kufumba na kufumbua. Takata ilitumia amoniamu naitreti, ambayo ikipigwa na joto na unyevu kwa miaka mingi huharibika. Siku ya ajali, hata ajali ndogo ya kugongana kwenye foleni, mtungi unaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma usoni na shingoni. Kifaa cha kuokoa kinageuka bomu. Marekani peke yake mifuko ipatayo milioni 67 imeitwa irudishwe, na zaidi ya watu 25 wamethibitishwa kufa. Mwaka 2017 Takata ilikiri mahakamani kosa la ulaghai kuhusu vipimo vyake, ikatakiwa kulipa dola bilioni 1, na mwaka huo huo ikafilisika.

Mamlaka ya Marekani iligawa nchi kwa hali ya hewa na kuanza na majimbo yenye joto na unyevu, kama Florida na Hawaii, kwa sababu huko ndiko mitungi huharibika haraka. Malaysia nayo, yenye hewa ya aina hiyo hiyo, imepoteza watu. Sasa wewe mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, jiulize gari lako la mwaka 2006 limepigwa jua na unyevu wa pwani kwa muda gani.

Magari mengi tunayoendesha yalitumika Japani kwanza. Mwenye gari wa huko hupata barua ya wito na kubadilishiwa kifaa bure. Lakini gari likiuzwa nje kabla halijarekebishwa, barua hubaki nyuma. Linapanda meli na kasoro yake, linashuka bandarini, linalipiwa ushuru, linapewa namba mpya, na hakuna aliyemwambia mwenye gari mpya chochote. Tatizo limevuka bahari bila karatasi yake.

Unaweza kufanya nini? Anza na namba ya chesisi, iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani lina namba ya tarakimu na herufi 17, nayo unaweza kuiingiza bure kwenye tovuti ya NHTSA ukaona kama kuna wito ambao haujatekelezwa. Gari la soko la Japani lina namba fupi zaidi yenye kistari katikati. Hiyo ukiijaribu kwa Wamarekani hutapata kitu, na usidhani kutopata kitu ndiyo kusalimika. Watengenezaji wa Japani wana kurasa zao za kukagulia namba hiyo. Zimeandikwa Kijapani, lakini simu yako inaweza kukutafsiria. Ukishindwa, nenda na kadi kwa wakala rasmi wa aina ya gari lako, uulize moja kwa moja: lina wito wowote wa marekebisho? Kama bado hujanunua, mwambie muuzaji akutafutie jibu kabla hujatuma pesa. Anayekutafutia picha ishirini za bodi anaweza kukutafutia na hilo.

Halafu washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi inapaswa kuwaka sekunde chache na kuzimika. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa kuficha kwamba mfuko hauna kazi. Ikiwaka na kubaki, mfumo una hitilafu. Kwa vyovyote, usimruhusu fundi wa chini ya mti aufungue usukani kuangalia. Mtungi ule unaweza kumlipukia yeye.

Kuhusu mtoto mwenyewe: kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kwa mwili wake na shingo bado haijakomaa, ndiyo maana kiti chake hutazama nyuma, na kamwe kisiwekwe mbele palipo na mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ukifumuka utakigonga kiti kwa nguvu inayoweza kumuua. Pasua sauti kwa bibi na shangazi wanaompakata mbele: gari likisimama ghafla kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hakuna mikono inayoweza kumshika. Papasa mfereji wa kiti cha nyuma, pale mgongo na makalio vinapokutana. Ukikuta vyuma viwili vidogo vya kunasia kiti cha mtoto, gari lako liliandaliwa kwa ajili yake. Mjamzito naye afunge mkanda, sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga.

Lakini si haki kumbebesha mzazi mmoja mmoja kazi ya kusoma Kijapani usiku. TBS hukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini, na KEBS ya Kenya ina utaratibu wake. Fomu zipo, wakaguzi wapo, namba ya chesisi inaandikwa tayari. Kinachotakiwa ni mistari miwili zaidi: gari lina mifuko mingapi ya hewa inayofanya kazi, na je, wito wa mtengenezaji umetekelezwa? Muagizaji ndiye alete uthibitisho, kama anavyoleta nyaraka za forodha, na majibu yawekwe mahali ambapo mnunuzi wa tatu na wa nne atayaona. Wataosema hili litaongeza bei ya magari wakumbushwe kuwa marekebisho ya Takata yalikuwa bure kwa mwenye gari kule lilikotoka. Gari lingepitishwa gereji huko kwanza ndipo lipakiwe melini.

Wewe ukishaangalia mara moja, usiache. Wito mpya hutolewa hata kwa gari lenye miaka kumi na tano, na lililokuwa salama kwenye orodha mwaka jana linaweza kuwemo mwaka huu. Siku ya kukata bima, kadi ya gari ikiwa tayari mkononi, ni wakati mzuri wa kuiangalia tena.