KONA YA KOMPYUTA: Nani Anakula Memori?

Mwezi huu tunajibu swali ambalo wazazi na vijana wanauliza: "Tuliambiwa kompyuta kuukuu zikiwekewa Linux na Xfce zitakuwa nyepesi, mbona bado zinaganda?" Swali ni zito. Kijana yuko katikati ya barua ya kuomba masomo, mashine inaganda, mtu anachomoa waya, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji.

Xfce ndiyo ile sura ya kazi mnayoiona kwenye kioo: menyu, madirisha na picha za kubonyeza. Ilianzishwa mwaka 1996 na Olivier Fourdan, na alama yake ni panya. Kama panya, yenyewe haili sana. Basi tumtafute mlaji.

Kwanza, pima. Fungua dirisha la amri, andika free -m, bonyeza Enter. Namba zinazotoka ni za MB. Wengi huangalia namba ya tatu, ya memori tupu, wakaiona ndogo wakashtuka. Usishtuke. Linux haiachi memori ikae bure. Inaweka humo nakala za mafaili iliyosoma kwenye diski ili iyapate haraka. Programu ikihitaji nafasi, inaachiwa. Ni kama mkeka ulioanikiwa mahindi: mgeni akija, mahindi yanakusanywa naye anakaa. Angalia namba ya mwisho kulia, hiyo ndiyo memori inayoweza kupatikana. Ikiwa ndogo sana, na mstari wa Swap unaonyesha matumizi yanapanda, hapo kuna shida ya kweli. Maana yake mashine imeanza kutumia diski badala ya memori, na diski ni polepole mno. Ndiyo sababu inaganda.

Pili, mjue mlaji. Andika top, kisha bonyeza M kubwa. Programu zitajipanga, mlaji mkubwa juu. Mara nyingi si Xfce, ni Firefox au Chromium. Kurasa kumi zikiwa wazi zote zinakula, na ukurasa mmoja wa video unaweza kumaliza mamia ya MB. Hifadhi kazi yako kwanza, halafu funga kurasa usizosoma. Kutoka kwenye top, bonyeza q.

Tatu, angalia kisanduku cha kutokea. Ukitoka, Xfce inauliza kama ihifadhi programu zilizo wazi. Tiki ikiwepo, atakayefuata kwenye jina lilelile la kuingilia atazikuta zote zimejifungua. Ondoa tiki. Kama kuna kikao cha zamani kilichohifadhiwa, kifute kwenye mipangilio ya kikao na uanzishaji.

Nne, kuna programu zinazovuja. Ukiona moja inavimba saa hadi saa wala hakuna anayeigusa, ifunge uifungue upya. Ikirudia, mwambie msimamizi aweke toleo jipya.

Mashine ikiganda, msiwahi kuchomoa waya. Subirini dakika chache, mara nyingi inarudi, halafu mfunge kivinjari. Na kabla ya kuchangishana fedha za kununua memori nyingine, pimeni kwanza. Huenda dawa ni kufunga kurasa tu.

Baba na mama ambao hamgusi kompyuta, nanyi mna kazi: waulizeni watoto, "Umehifadhi?" Tukutane mwezi ujao.