Amplifaya ya Valvu Nyumbani: Sikiliza Kabla ya Kufungua



Wiki hii tumeona tuzungumzie chombo ambacho baadhi ya nyumba zetu zimekirithi kwa wazee, na nyingine zimeletewa na jamaa walio ng'ambo. Nacho ni amplifaya ya awali yenye valvu, ile inayokaa baina ya mashine ya santuri na amplifaya kubwa ya spika. Mara nyingi anayekinunua ni baba, lakini anayekipangusa vumbi, anayewazuia watoto wasikiguse na anayeachwa nacho siku kinapoanza kuvuma ni mama. Ndiyo maana tunapenda kila mmoja nyumbani akijue.

Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, sehemu chache tu katika elfu za volti moja. Kazi ya chombo hiki ni kuukuza mpaka amplifaya kubwa iweze kuupokea. Hufanya hivyo kwa valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa, vyenye uzi unaopata moto ndani yake. Ili zifanye kazi, valvu nyingi za namna hii huhitaji baina ya volti 200 na 300. Umeme huo huhifadhiwa ndani katika vikopo viitwavyo kapasita, na vikopo hivyo huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Hapa ndipo penye hatari. Mtu huchomoa waya, akajiona yu salama, akafungua kifuniko na kutia mkono, umeme ukamkuta. Basi tushike kanuni moja: kifuniko cha chombo hiki hakifunguliwi nyumbani. Mengi ya kujua yanajulikana kwa masikio, kutoka nje.

Tuanze na matumizi. Unapowasha, washa amplifaya ya awali kwanza, usubiri kama dakika moja valvu zipate moto, kisha ndipo uwashe ile ya spika. Unapozima, tangulia kuzima ya spika. Ukigeuza utaratibu huu, kishindo cha kuwasha na kuzima huenda moja kwa moja kwenye spika na kuziumiza. Usifunike chombo kwa kitambaa cha kufuma, wala usiweke juu yake chombo cha maua. Moto wa valvu unataka njia ya kutokea, na maji na umeme havikai pamoja. Umeme ukikatika, chomoa plagi, usirudishe mpaka uliporejea umetulia. Na kama chombo kimetoka Marekani, tazama kilichoandikwa nyuma yake: ikiwa ni volti 120 pekee, kukichomeka kwenye umeme wetu wa 240 bila transfoma ya kupunguza ni kukiunguza.

Sasa tuje kwenye maradhi yake.

Mvumo. Ongeza sauti, kisha ipunguze. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na sauti, kosa huwa upande wa mashine ya santuri au waya zake. Mashine nyingi zina waya mwembamba wa ardhi unaofungwa kwa skurubu nyuma ya amplifaya. Ukilegea, mvumo huwa mkubwa. Zima kila kitu, uukaze. Mvumo usipobadilika kabisa, kosa li mbele zaidi, na hilo ni la fundi. Lakini tunaonya: asije mtu akaukata waya wa ardhi ulio ndani ya plagi, ule wa kijani na manjano, ili kuunyamazisha mvumo. Waya huo ndio unaomlinda mtoto anayegusa bati la chombo siku umeme unapovuja.

Upande mmoja kimya. Zima, kisha badilishana waya wa kushoto na wa kulia pale zinapoingia kwenye amplifaya ya awali. Washa usikilize. Ukimya ukihamia spika ya pili, ubovu uko kwenye waya au mashine ya santuri. Ukibaki palepale, uko kwenye amplifaya au mbele yake.

Mkwaruzo unapozungusha kidude cha sauti. Hilo aghalabu ni vumbi na kutu, na hewa yetu ya chumvi huzidisha. Zima chombo, uzungushe kidude mara nyingi kutoka mwanzo hadi mwisho. Usipokwisha, fundi atakisafisha kwa dawa yake.

Mlio kama wa kengele ukigusa chombo. Valvu imeanza kuhisi mtikisiko. Kiondoe chombo karibu na spika, ukiweke juu ya vipande vya mpira. Usipopona, valvu hiyo ibadilishwe.

Kama valvu zako zimesimama nje, waweza kuzitazama bila kugusa, maana zina moto. Doa la fedha lililo ndani ya kioo likigeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa. Unaponunua nyingine, fuata namba: ECC83 ya Ulaya ndiyo hiyo hiyo 12AX7 ya Marekani, lakini ECC82 ni nyingine ingawa inaingia kwenye tundu lile lile.

Harufu ya kuungua, moshi, au fyuzi inayokatika tena na tena havina majaribio. Zima ukutani, uchomoe, ukiache. Kutia fyuzi kubwa zaidi, au karatasi ya fedha ya sigara, ni kuialika nyumba iungue.

Ukifika kwa fundi, mweleze ulichosikia na ulichojaribu. Muulize kama amewahi kutengeneza vyombo vya valvu, na vipi huondoa umeme uliobaki kwenye kapasita kabla ya kutia mkono. Asiyekuwa na jibu la swali hilo, mchukulie kuwa si fundi wa chombo hiki. Mtake pia akurudishie kila kipande alichokitoa. Mwenye kuambiwa valvu zote zimekufa, naye anajua kwamba ukimya ulihama pamoja na waya, hatalipia valvu nne kwa ubovu wa waya mmoja.

Wafunzeni hata watoto wakubwa majaribio haya ya nje, ili wajue pia pa kuishia. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu. Tukutane wiki ijayo, inshallah.