Ufunguo wa Ghala Uwe kwa Mwenye Ghala

Msimu wa pamba ufunguliwapo hapa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, mkulima aliyeitunza pamba yake tangu mbegu haiachi mikononi mwa karani wa chama cha msingi mpaka ameitazama mizani kwa macho yake, amezisikia kilo zikitajwa, na stakabadhi imetua kiganjani mwake. Na ufunguo wa ghala, maadamu ghala ni la wanachama wote, haulali katika nyumba ya mpita njia. Ni ada njema ya watu waliokwisha kuonja uchungu wa kupunjwa. Ajabu inayonisononesha ni kwamba watu hao hao, wakisha kuijengea tovuti shule yao, duka lao au chama chao, huukabidhi ufunguo wake kwa mtu mmoja aliye mbali, kisha wakalala usingizi, kana kwamba tovuti nayo si ghala la habari zao na la heshima yao mbele ya walimwengu.

Nimeyaona matokeo yake kwa kikundi kimoja cha jirani zangu, ambacho jina lake nalisitiri. Walichanga fedha, wakamwajiri fundi kutoka mji wa mbali, naye akawajengea tovuti ya kupendeza yenye picha za bidhaa zao, bei na namba ya simu ya katibu. Lakini neno la siri alibaki nalo yeye. Katibu akastaafu, bei zikapanda, na hapakuwa na mwanachama hata mmoja aliyeweza kubadili herufi moja, hata wateja wakawa wanampigia mzee wa watu shambani kwake wakiulizia mzigo asioujua. Fundi alipotafutwa hakupatikana. Muda wa malipo ukapita, tovuti ikazimwa, na kwa kuwa nakala haikuwekwa popote, kazi yote ikapotea bilashi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tuliishuhudia hekima hiyo ikitimia.

Wala kazi yenyewe si siri ya wateule. Tovuti ni mafaili ya maandishi na picha yaliyowekwa katika kompyuta iitwayo seva, isiyozimwa usiku wala mchana, na lugha yetu imekwisha kuieleza safari ya mafaili hayo kwa maneno ya bandarini: kuyapeleka katika seva ni kupakia, kuyarudisha nyumbani ni kupakua, kama walivyofanya mahamali na majahazi yao tangu enzi. Kanuni za kwanza za usafirishaji huo ziliandikwa Aprili 1971 na Abhay Bhushan, Mhindi aliyekuwa katika chuo cha MIT huko Marekani, takriban miaka 20 kabla ya tovuti ya kwanza kuzaliwa. Leo ziko programu za bure kwa kazi hiyo, mathalani FileZilla, iliyoanzishwa na Mjerumani Tim Kosse mwaka 2001, ambayo dirisha lake limegawanyika pande mbili: kushoto mafaili yaliyo katika kompyuta yako, kulia yaliyo katika seva. Mwenye anwani ya seva, jina la mtumiaji, neno la siri na namba ya mlango wa kuingilia huyavuta mafaili kutoka upande huu hadi upande ule. Na mtandao ukikatika katikati, kama ukatikavyo mara kwa mara huku kwetu, aghalabu huendelea kutoka pale alipokomea, asianze upya.

Yako mambo machache ya kutahadhari nayo, na kubwa kuliko yote ni njia ipitwayo. Ile ya zamani, ipitayo mlango namba 21, hupeleka jina na neno la siri pasipo kifuniko, mfano wa barua isiyo bahasha, na kila aliye njiani aweza kuisoma. Mwaka 1995, baada ya wezi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo kikuu chake huko Ufini, Mfini Tatu Ylönen alibuni njia iliyofungwa kwa muhuri wa hesabu, na juu yake ikajengwa njia ya kusafirishia mafaili, ipitayo kwa kawaida mlango namba 22. Njia hiyo ndiyo ipasayo kutumiwa. Aidha, seva nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo picha iliyoitwa Pamba.jpg haitaonekana ikitafutwa kwa jina la pamba.jpg, na mtu asiyejua haya hudhani tovuti yake imerogwa.

Watasema baadhi yetu kwamba kila kazi ina mafundi wake, na mkulima aachiwe jembe. Nami sipingi fundi kuajiriwa na kulipwa ujira wake kamili. Nasema tu kwamba anayejenga nyumba hapewi hati ya kiwanja. Jina la tovuti na lisajiliwe kwa jina la chama chenyewe, hasa kwa kuwa majina yaishiayo kwa .tz yanasimamiwa hapa hapa nchini chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Neno la siri liwe mikononi mwa viongozi wawili, na libadilishwe siku ile ile fundi anapomaliza kazi. Mafaili yote yapakuliwe kila mwezi na kuhifadhiwa mahali pawili. Na vijana wetu wa sekondari, ambao vidole vyao vimekwisha kuzoea simu, wafundishwe kazi hii ya saa chache ili kila chama kiwe na kijana wake.

Basi mkutano mkuu ujao, mtakapokwisha kusomewa mapato na matumizi, na kabla kikao hakijafungwa, mmoja wenu asimame kwa adabu aulize ni nani mwenye ufunguo wa tovuti yetu, na nakala yake iko wapi. Na jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, palepale panapoandikwa kilo za pamba.