WAYA SI WAYA TU: TUACHE KUNUNUA MOTO

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Umeme umefika. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ndiyo iliyounda REA, na leo nguzo zimesimama hadi kwetu. Lakini kazi ya nguzo inaishia kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani ni juu ya mwenye nyumba, na hapo ndipo tunaona mambo ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

Kumezuka usemi: "Waya ni waya, bora taa iwake." Tunaupinga. Ni usemi wa vishoka na wachuuzi wanaoinyemelea hela ya korosho kabla haijafika nyumbani. Taa kuwaka si ushahidi. Taa ya wati 10 inawaka hata kwa waya mwembamba kama uzi. Ngoja uchomeke pasi!

Tupige hesabu, maana kisomo tulichosoma si cha kuandika jina peke yake. Chukua wati, gawa kwa volti 230, unapata ampia. Pasi ya wati 1000 ni ampia 4 na kitu. Birika la wati 2000 ni karibu 9. Jiko dogo la wati 1500 ni 6 na nusu. Vikiwashwa pamoja ni karibu ampia 20. Waya wa taa haukuwekwa kubeba mzigo huo. Tena mzigo ukiwa mara mbili, joto kwenye waya linakuwa mara nne. Huko darini, chini ya bati lililopigwa jua, plastiki inalainika, nyaya zinagusana, mbao zinashika moto na watu wamelala.

Basi tushike haya:

1. Taa: waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, breka isiyozidi ampia 10.
2. Soketi: milimita 2.5 za mraba, breka isiyozidi ampia 20.
3. Jiko kubwa la umeme: milimita 6 za mraba, laini yake peke yake na breka yake.
4. Waya wa ethi, wa kijani na njano, usiachwe. Anayekwambia ethi ni urembo anacheza na roho za watoto wako.
5. Waya laini wa kamba ni wa pasi na redio. Si wa kupigiliwa ukutani.

Sasa hila za madukani. Kuna waya umepakwa shaba juu, ndani ni alumini. Alumini inaupinga umeme zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo kwa unene uleule inachemka upesi. Kwarua kwa kisu: nje nyekundu, ndani nyeupe, mrudishie mwenyewe. Tazama alama ya TBS na unene ulioandikwa kwenye waya wenyewe, siyo kwenye boksi.

Na wewe unayebadilisha breka kila ikianguka, ukaweka kubwa zaidi! Breka ni mlinzi wa waya. Ikianguka inapiga yowe. Kuweka kubwa ni kumziba mlinzi mdomo ili mwizi aingie vizuri.

Wapo watakaosema: "Sisi hatuna uwezo, waya mzuri ghali." Neno hili ni la kweli, nasi hatulibezi. Lakini jibu lake si waya mbovu. Jibu ni kuanza na kidogo: taa mbili na soketi moja kwa waya halali, vyumba vingine msimu ujao. Nyumba iliyoungua haina msimu ujao.

Jibu la pili ni ushirika. Mbona mbolea tunanunua pamoja? Mtu mmoja akienda dukani na mita kumi anapewa makombo. Tukienda na mahitaji ya kaya arobaini, muuzaji atafungua rola, atapima mita mbele yetu, na atatoa risiti.

Kwa hiyo tunataka: kila kaya inayotaka kufunga umeme iandike mahitaji yake kwa mtunza ghala kabla ya Jumamosi; kamati inunue kwa pamoja; na kazi afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, aonyeshe leseni kwanza. Kishoka asipewe hata ngazi ya kupandia.

Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji