Bidii Haipimwi kwa Saa Pekee

Nidhamu ya kazi, yaani mazoea ya mtu kutimiza wajibu wake kwa wakati na kwa ubora hata pasipo kusimamiwa, haipimwi kwa wingi wa saa anazokaa kazini, bali kwa uthabiti wake hasa baada ya kushindwa. Kwa mfano, Eliud Kipchoge wa Kenya, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya mwaka 2012, akahamia marathoni, ambayo ni mbio za kilomita 42.195, na kwa mazoezi aliyoyafanya katika kambi ya Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, huku akiyaandika daftarini miaka nenda miaka rudi, alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Hata hivyo, katika juhudi hiyo, iliyo ya kupigiwa mfano, alipata mwalimu, wenzake kambini na muda wa kupumzika, mambo ambayo vijana wengi wa mikataba mifupi huyakosa. Waajiri wanaodai bidii wawape vijana hao msimamizi wa kuwaelekeza na ujira unaolipwa kwa wakati.